Mwanamume Jikoni kwa Eduviges

Eduviges alikuwa anadai haki yake, na nani angembishia? Aliolewa angali kigori, akapelekwa kukaa kwa mama mkwe wake, Bi Petronila, kama ilivyokuwa desturi ya kijiji chao nje ya mji wa San Luis Potosí, na tangu asubuhi ya kwanza akaamka gizani kusaga mahindi. Alimtumikia yule bibi mpaka wakamzika. Alivumilia kwa sababu alijua na yeye atatumikiwa: nyumba huachiwa mtoto wa mwisho wa kiume, na mkewe ndiye humtunza mama.

Mkwe kweli akaja. Yuridia alikuwa na adabu zake, lakini kila alfajiri, wakati wa kuwasha moto, basi la kiwanda cha nyaya za magari lilipiga honi njia panda, naye akapanda akaenda zake. Aliyebaki na kuvaa aproni ni Eleazar, kitinda mimba wa Eduviges, ambaye hakuwa na kazi tangu tanuri la matofali lifungwe. Alimwogesha mtoto, alifua nguo na, mbaya zaidi, alikanda unga wa mahindi akachoma tortila, zile chapati za mahindi, kwa mikono yake, mlango wazi, majirani wakipita.

Bi Nicolasa wa nyumba ya pili hakumung'unya maneno.

"Shoga yangu, nasikia kwenu siku hizi jogoo ndiye anayetaga."

Eduviges alicheka na wanawake wenzake, akarudi nyumbani anachemka. Akasusa chakula cha mwanawe; akawa ananunua mkate dukani na kuula chumbani peke yake kama mpangaji. Jumapili, Yuridia akiwa mapumzikoni, alimwita akampasulia: ama aache kiwanda, ama ahame nyumba hiyo.

Yuridia hakupandisha sauti. "Mama, nikiacha tutakula nini? Na nikiondoka, sitaondoka peke yangu."

Hilo Eduviges hakuwa amelifikiria. Akamgeukia Eleazar ili amkanye mkewe. Eleazar alikuwa anachambua maharage. Alisema wameshaona nyumba mjini, karibu na kiwanda, na kama mama hawataki, Jumamosi watahama na mtoto wao. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mama hofu. Kaka wawili wa Eleazar walioko Texas nao waliaga hivyohivyo, na hawajarudi.

Ijumaa asubuhi masanduku yalikuwa yameshafungwa. Eduviges aliingia jikoni bila kujua amekuja kuomba au kugomba. Alisimama karibu na moto, mahali pake pa siku zote.

"Kaa, mama," Eleazar akasema.

Alikaa. Eleazar akaepua tortila iliyokuwa imefura vizuri, akainyunyizia chumvi, akaikunja, akamtia mkononi. Ilimchoma vidole. Mkono wake ukaenda wenyewe kuitia kikapuni, zinakowekwa za watu wengine.

"Hiyo ni yako. Kwani wewe ulikuwa unakula saa ngapi?"

Katika jiko hilo tortila za moto zilikwenda kwa wanaume, kisha kwa Bi Petronila, kisha kwa watoto. Mchomaji, yaani Eduviges, alikula za mwisho, zimepoa, amesimama. Hata bibi alipokufa aliendelea vivyo hivyo, maana hakuna aliyemwambia aache. Kumbe alichokuwa anakingoja miaka yote ni hiki tu, na amekisusa kwa sababu kimeletwa na mtu mwenye ndevu.

Akala. Akaomba ya pili, akaila akilia waziwazi, kwanza kwa hasira na marehemu mama mkwe wake, kisha kwa kumhurumia, maana naye alipoletwa humu akiwa mkwe, nani alimpa ya moto?

Eleazar alisimama na kitambaa mkononi, akimtazama.

"Usiniangalie, zinaungua," mama akamwambia. "Na kamfungulie mkeo masanduku kabla hajarudi kutoka kazini."