Msiba wa Bi Chechele

Aristides alikufa Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi Kariakoo nzima ilikuwa inamlilia utadhani aliwahi kumpa mtu hata glasi ya maji. Wauza mitumba wanalia, wauza simu wanalia, hata mzee Hamood wa duka la vitambaa, ambaye Aristides alimwigiza miaka minne akikohoa na kubonyeza kikokotoo, naye alikuwa anajifuta macho. Kuruthumu alikuwa kwenye meza yake ya nazi, Mtaa wa Sikukuu. Alisikia habari, akasonya msonyo mrefu mpaka wateja wakageuka.

"Kafa, haya. Na vya watu alivyochukua, kavirudisha?"

"We Kuruthumu, marehemu hasemwi vibaya," alisema Joyceline, jirani yake wa meza ya ndimu.

"Hasemwi na nyie. Mimi mtani wake."

Hapo alisema kweli. Aristides alikuwa Mngoni wa Songea, Kuruthumu ni Myao wa Tunduru, na hao ni watani tangu enzi za mababu waliochomana mikuki. Kwenye msiba, mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana: anasimama mbele ya jeneza, anamwigiza marehemu, anamtukana, anamwaga siri zake, na hakuna wa kumnunia. Mtani hakasirikiwi. Kuruthumu alikuwa ameingoja ruhusa hiyo miaka kumi na moja.

Maana kipaji cha Aristides, tuseme ukweli, kilikuwa kipi? Magazeti yalimwita mwigizaji wa sura mia. Kaigiza mlevi, trafiki, mganga, mama mkwe, bosi kitambi, kaigiza mpaka maiti anayepiga chafya. Alianza na kikundi cha maigizo Ilala, wakichekesha walevi kwenye kumbi wakati bendi inapumzika; akaja kwenye filamu za CD, akaingia kwenye televisheni, na uzeeni akawa kwenye simu ya kila mtu. Sura mia! Sura zenyewe za kuokota. Mtu alikuwa na macho na hana haya, basi. Anakaa kwako, anakunywa uji wako, anakutazama. Baada ya mwezi nchi nzima inakucheka, na wewe hujui umekosa nini.

Uji wenyewe ulikuwa wa Bi Mboni, mama yake Kuruthumu. Bi Mboni aliuza uji na maandazi pembeni mwa Mtaa wa Mkunguni tangu Kuruthumu hajaota meno. Mguu mmoja mbovu, anachechemea kutoka jikoni hadi kwenye benchi, na kabla hajampa mtu andazi anamwuliza, "Mkono umenawa?" Hata uwe umekuja na suti. Aristides alikaa kwenye benchi lile kila asubuhi mwaka mzima, kimya, kikombe mikononi. Halafu akatoweka. Alipoonekana tena alikuwa kwenye televisheni, kavaa kanga na makalio ya sponji, anachechemea, anaitwa Bi Chechele, na anamwuliza kila mtu, polisi, mbunge, bwana harusi: "Mkono umenawa?" Watu wakavunjika mbavu.

Ubaya wake ulikuwa huu: Bi Mboni hakuweza tena kuuliza swali lake mwenyewe. Akifungua mdomo tu, wateja wanacheka. "Bibi naye anamwiga Chechele!" Anamwiga! Mwenye mali kaitwa mwizi, jamani. Mwaka wa pili mama alifunga jiko, akakaa kwa Kuruthumu, chumba cha uani kule Ilala, na hakueleza sababu. Kuruthumu hakuona haja ya kuuliza. Yeye alianza kuangalia kila kipindi cha Aristides, jioni baada ya jioni, chakula cha mama kinapoa, ili amchukie barabara asisahau hata kosa moja.

Sasa mwizi anazikwa. Akifukiwa na lile jina la Chechele likiwa lake, imekwisha hiyo. Mama atabaki kuwa kivuli cha mwanaume wa Songea mpaka naye afe. Kuruthumu alitaka watu wajue kabla udongo haujarudi. Leo au basi.

Kilichomshangaza ni mama kutaka kwenda. "Nipeleke," alisema Bi Mboni akijifunga kanga. "Alikunywa uji wangu mwaka mzima."

Msiba ulikuwa Magomeni, na loo, msiba gani ule! Maturubai mawili, spika ndefu kama za harusini, na wale vijana wa vichekesho vya kwenye simu, wamevaa miwani nyeusi, wanajirekodi wakilia. Akikosea kulia anaanza upya. Fulana zilikuwa zimechapwa, na picha ya kwenye fulana haikuwa ya Aristides, ilikuwa ya Bi Chechele. Juu ya jeneza, Chechele. "Msiba wa Bi Chechele nyumba ipi?" ndivyo watu walivyoulizana njiani. Mtu mzima hovyo, kaishi na sura mia halafu anazikwa na ya mwenzake.

Mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Goodluck, aliwafuata kwenye mkeka.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye mtani."

"Marahaba. Lete hicho kipaza sauti."

Kuruthumu alianza kama watani wanavyoanza. "Wangoni nyie! Babu zenu waliiba ng'ombe. Huyu mtoto wenu kakosa ng'ombe Kariakoo, akaiba watu!" Watu wakaangua kicheko, mjane mwenyewe akaficha mdomo kwa leso. Akamwigiza Aristides kwenye benchi: magoti pamoja, kikombe mikononi, macho yanazunguka kama paka anayevizia samaki. Kicheko tena. Halafu Kuruthumu akakaza kanga kiunoni, akashika nyonga, akauburuta mguu wa kushoto kupita mbele ya jeneza, mpaka akasimama mbele ya mmoja wa wale wenye miwani.

"Mkono umenawa?"

Turubai lilitaka kung'oka. "Chechele! Chechele kafufuka!"

"Si Chechele!" alipiga kelele. "Sikilizeni nyie! Hakuna Chechele! Huyu ni mama yangu, Bi Mboni, muuza uji wa Mkunguni! Yule pale kwenye mkeka! Marehemu alimwibia sauti, akamwibia mwendo, akamwachia aibu, na hakurudi hata kumsalimia!"

Wakacheka maradufu. Simu ziligeuzwa kwa bibi wa watu. "Bibi, tuulize basi, mkono umenawa?" kijana mmoja alidakia. Kuruthumu akaanza kulia, kilio chenyewe hasa, na kamasi juu. Wakapiga makofi. Hata kulia analia kama Chechele! Hapo ndipo alipouona ujinga wake. Mtani hakasirikiwi, sawa, lakini pia haaminiwi. Angesema marehemu aliua mtu, wangemwomba arudie.

Goodluck alimpokonya kipaza sauti, machozi ya kicheko yakimtoka. "Watani bwana! Makofi kwake!"

Kuruthumu alirudi kwenye mkeka akaketi kando ya mama.

"Mijitu mipumbavu," alisema. "Umeona, mama? Nawaonyesha wewe, wao wanamwona yeye. Kweli hawana macho hawa?"

Bi Mboni aliunyoosha mguu wake taratibu juu ya mkeka, akasogeza kanga, akaanza kulikanda goti. Lilikuwa limevimba, na ngozi yake imesuguliwa dawa mpaka imebadilika rangi.

"Kuruthumu. Mguu wangu mbovu ni upi?"

"Si wa kush..." Kuruthumu akaliangalia lile goti. Lilikuwa la kulia.

"Wa kushoto ni wa Aristides," mama alisema, mkono haukuacha kukanda. "Miaka yote alikosea. Yeye nilimsamehe, hakuwa mwanangu."

Mbele kule makofi yalikuwa hayajaisha, na Goodluck alikuwa anamwita mtani aje arudie.