Malaria Mara Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 27 Agosti 2001, saa mbili na dakika kumi asubuhi, matokeo ya mtihani wa taifa yalibandikwa kwenye ukuta wa lisee, shule ya sekondari kusini mwa Bujumbura. Waridi Radjabu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alipata wastani wa 45,8. Kilichotakiwa ni 50.

Mtu asiyemjua angedhani alama zile ni za watu wawili. Siku ya kwanza, Kifaransa 67 na historia 61. Siku ya pili, biolojia 70 na fizikia 58. Siku ya tatu, hesabu 8 na kemia 11.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ya tatu risasi zilipigwa kutoka milimani juu ya Kanyosha, na familia ya Waridi ililala kwenye sementi ya korido hadi alfajiri. Maji yalikuwa kwenye pipa uani, na hakuna aliyethubutu kutoka. Waridi alikuwa na selimundu. Kwa mwenye ugonjwa huo chembe za damu hupinda na kuziba mishipa, na baridi na kiu huharakisha jambo hilo. Saa tatu asubuhi maumivu yalikuwa mapajani, saa tatu na nusu yakafika kifuani. Aliandika kwa dakika arobaini. Msimamizi alikusanya karatasi za hesabu na kemia, kila moja na majibu mawili.

Saa nne aliingia ofisini kwa Hyacinthe, prefe wa masomo aliyesimamia uandikishaji. Hyacinthe alimwambia, bila kumkaribisha kiti, kwamba aliyeshindwa ana njia tatu. Anaweza kuchukua cheti cha kumaliza shule tu na kuomba kufundisha shule ya msingi, huko ambako walimu wamekimbia vita. Anaweza kutafuta shule ya binafsi itakayompokea. Au anaweza kurudia mwaka pale pale, lakini nafasi za kurudia ni chache na hutolewa kwa sababu mbili tu: msiba wa mzazi au ugonjwa wa kudumu. Ugonjwa lazima uwe umejulikana na shule kabla ya mtihani. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa sita mchana.

Waridi alisema yeye ni mgonjwa tangu utotoni, na kwamba mahudhurio yake yanaonyesha. Hyacinthe alitoa kabatini dosiye lake, jalada la karatasi zake, akaanza kupanga vyeti mezani kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na moja kwa miaka mitatu. Vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja, vyote na sentensi ileile: malaria, apumzike siku tano.

"Malaria," alisema Hyacinthe. "Na mimi nimekuwa nayo Jumanne iliyopita. Mbona mi niko kazini?"

Vyeti vile viliandikwa na Massoudi, muuguzi wa zahanati ndogo ya Kanyosha, rafiki wa baba yake Waridi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kweli. Kila Waridi alipozidiwa, baba yake, Radjabu, fundi wa magari, alikwenda kwa Massoudi akarudi na karatasi. Ugonjwa wenyewe haukutajwa nje ya nyumba. Katika mji ambao kila mtu hulala na malaria mara mbili au tatu kwa mwaka, neno lile halikuuliziwa na mtu.

Jioni hiyo Waridi alimweleza baba yake kinachohitajika. Radjabu alimsikiliza akiwa ananawa grisi mikononi. Kisha akasema apana, na akatoa sababu. Orodha ya wanaorudia hubandikwa ukutani na sababu mbele ya kila jina. Amira, dada yake Waridi, alikuwa ameposwa na Anouar wa Kinanira, na nikaha ilipangwa Ijumaa ya tarehe 14 Septemba. Mdogo wake Anouar alisoma katika lisee hiyohiyo. Yeye Radjabu hakuficha jambo miaka kumi na tatu ili lije kusomwa na mtoto mbele ya ukuta wiki mbili kabla ya ndoa.

Akamtajia njia zake yeye. Kuna mwanamke Buyenzi anayefundisha ushonaji. Kuna meza ya mama yake sokoni. Au akae nyumbani, kwani wasichana wangapi wa Kanyosha wamefika hata pale alipofika yeye?

Mwavita, mama yao, alipakua chakula.

Jumanne asubuhi Waridi alipanda basi hadi mjini, akabadilisha, akafika hospitali ya Kamenge saa tatu. Daktari Consolate alilipata jina lake katika kitabu cha mwaka 1988. Kipimo cha damu: SS, yaani selimundu. Alimwandikia cheti kwa mashine ya kuchapa, akagonga mhuri, akabandika nakala ya kipimo nyuma ya cheti. Waridi aliuliza kuhusu dada yake. Daktari alijibu kwamba mtoto huwa SS kwa kupokea sehemu moja kwa baba na nyingine kwa mama, kwa hiyo wazazi wote wawili wanayo, na dada anaweza kuwa anayo bila kuumwa hata siku moja. Kama mchumba wake naye anayo, kila mimba ina hatari ya moja kwa nne ya kuzaa mtoto wa SS. Kipimo kinachukua siku chache. Aliuliza kama dada amewahi kupimwa. Waridi alisema hajui. Jioni alimwuliza mama yake. Mama alisema hajawahi.

Jumatano saa mbili na nusu Hyacinthe alisoma cheti cha Kamenge mara mbili, akakiweka kando ya vile kumi na moja.

"Hapa malaria, hapa damu. Mumoja anadanganya. Nitajuaje kama si huyu mupya?"

Waridi alisema cheti kipya kina nambari ya kitabu na mwaka. Hyacinthe alijibu kwamba nambari haifuti vyeti ambavyo shule ilipokea kwa nia njema. Alitaka barua ya mzazi, kwa mkono wake na kwa sahihi yake, ikikiri kwamba vile vya kwanza havikuwa vya kweli na ikieleza kwa nini. Bila barua hiyo dosiye halifunguliwi; ikiwepo, zile siku za malaria zitahesabiwa za ugonjwa wa damu, uliokuwapo kabla ya mtihani. Aliongeza kwamba akimaliza na barua atataka pia kujua huyo muuguzi ni nani.

Waridi alimpelekea baba yake sharti hilo, na kabla ya usiku kuingia Massoudi alikuwa amefika nyumbani, kwa kuwa Radjabu alimwita. Hakumtazama Waridi. Alimwambia Radjabu kwamba ana watoto watano, na kwamba aliandika zile karatasi kwa sababu rafiki aliomba. Radjabu alimhakikishia kwamba hakuna barua itakayoandikwa.

Alipoondoka, Amira alimfuata Waridi jikoni.

"We unataka darasa, mi nataka bwana," alisema. "Lakini mi sijakuibia kitu."

Waridi alimwambia maneno ya daktari, moja kwa nne, na kwamba akapime kabla ya ndoa. Amira alicheka.

"Sasa umekuwa dokta? Na ile hesabu ulipata ngapi vile? Nane?"

Waridi aliendelea kuosha sahani. Baadaye alimwomba baba yake kwa mara ya tatu, akitumia maneno yaleyale ya mwanzo. Radjabu alimwambia akitaja tena barua hiyo atalala nje, na nje kulikuwa na amri ya kutotembea usiku.

Katika hesabu ya Waridi kilichozuia sahihi kilikuwa kitu kimoja, siri. Siri ililindwa kwa ajili ya watu wa nyumba moja huko Kinanira. Nyumba hiyo ikijua, hakuna cha kulinda.

Alhamisi saa tatu asubuhi alipanda mlima wa Kinanira kwa miguu, akipumzika mara nne. Mama Anouar alimfungulia mwenyewe, akaitikia salamu, akamkalisha barazani akidhani ametumwa kuhusu nguo za harusi. Waridi aliweka cheti mezani. Mama Anouar alivaa miwani akasoma hadi mwisho, na nakala ya nyuma pia.

"Wamekutuma?"

"Apana, mama. Hawajui niko hapa."

"Na Amira?"

"Hajapimwa. Anouar pia apimwe. Mumoja peke yake haitoshi."

Mama Anouar alivua miwani.

"We ni ndugu ya namna gani?"

"Ndugu anayetaka sahihi ya baba."

Alilazimika kueleza. Alieleza mtihani, vyeti kumi na moja, barua, na Ijumaa saa sita, kwa mpangilio huo.  Mwisho Mama Anouar alisema kwamba wazazi wake walifanya vibaya kunyamaza, na kwamba hilo atalizungumza na wao wala si na yeye. Kisha akasimama.

"Mutu anayekuja kuvunja nyumba ya dada yake, mi simupi hata maji. Shuka salama."

Waridi alirudi Kanyosha saa sita kasoro. Alimwambia mama yake alikotoka. Mwavita alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mikono mapajani, akauliza kama Mama Anouar amepiga kelele. Waridi alisema hakupiga. Mwavita akasema hilo ndilo baya zaidi.

Saa kumi alasiri mzee aliyeleta posa alikuja tena, safari hii peke yake. Alikataa chai. Alisema ujumbe wake ni mfupi: posa haijarudishwa, lakini nikaha ya tarehe 14 imesimamishwa. Anouar na Amira wapimwe damu Kamenge, wote wawili, na majibu yaletwe kwake. Baada ya hapo familia itasema. Alimwuliza Radjabu, mbele ya Mwavita na Amira, kama ni kweli alijua tangu mwaka 1988. Radjabu alisema ni kweli.

Mzee alipotoka, Amira alichukua madaftari ya Waridi, ya miaka mitatu, akayatumbukiza katika beseni la kufulia moja baada ya jingine. Waridi alimwona kutoka mlangoni. Hakumzuia. Wino wa madaftari ya kemia ulitoka wote. Ya hesabu yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya risasi, yakabaki yanasomeka.

"Sasa rudia," Amira alisema. "Rudia, tuone."

Ilikuwa mara ya mwisho kwa Amira kumsemesha wiki hiyo.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, Radjabu alikaa mezani na karatasi. Waridi alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Baba yake aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika nambari za vipuri.

"Nilikuwa nalinda mutoto mumoja," alisema bila kuinua kichwa. "Si kwamba we sikukuona. Nilikuwa nakupa dawa. Nilikuwa nakubeba mugongoni mpaka kwa Massoudi. Lakini we ulikuwa umeshaharibika, na yeye alikuwa bado mzima."

Waridi alisema hakuna anayejua kama Amira ni mzima, kwa sababu hakupimwa.

"Ndiyo maana hakupimwa," alisema Radjabu.

Barua ilikuwa na mistari minne. Mimi Radjabu, baba wa Waridi, nakubali kwamba binti yangu ana ugonjwa wa damu tangu 1988. Vyeti vya malaria niliomba mimi, na kosa ni langu. Sitataja aliyeniandikia. Kuanzia leo binti huyu yuko chini ya mama yake mdogo, Kamenge, na mambo yake ya shule yaulizwe huko.

Aliweka sahihi na tarehe. Akamwambia aende na nguo zake.

Mwavita alizifunga katika kitenge, akatia humo madaftari ya hesabu, yaliyokuwa bado na maji. Alimpa jina la mtaa wa mdogo wake na akamwambia aulize kwenye duka la mkaa. Hakumsindikiza zaidi ya lango.

Waridi alifika lisee saa tano na dakika ishirini, kwa kuwa askari walikuwa wamefunga barabara kwa zaidi ya saa nzima na abiria wote walishushwa. Mbele yake kulikuwa na watu sita. Ilipofika zamu yake saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na moja. Hyacinthe aliipokea barua, akaitazama sahihi, akailinganisha na ile ya fomu ya kwanza ya kuandikishwa. Alisoma mstari wa tatu na kusema muuguzi huyo atapatikana tu, maana mwandiko ni mmoja.  Alisoma mstari wa nne, akatazama kifurushi cha kitenge sakafuni, kisha akamtazama yeye.

"Huyu mama mudogo amekubali?"

"Hajaulizwa," alisema Waridi.

 Nyuma mtu alilalamika kwamba muda unakwisha, naye Hyacinthe akamwambia anyamaze. Alivitoa vyeti kumi na moja katika dosiye, akavifunga kwa uzi, akaweka cheti cha Kamenge na barua mahali pake. Alifungua sajili ya wanaorudia. Katika safu ya jina aliandika Waridi Radjabu. Katika safu ya sababu aliandika ugonjwa wa damu, wa kudumu. Katika safu ya mlezi aliandika Kamenge, akaacha nafasi ya jina.

Aligonga mhuri saa sita kasoro dakika tano. Nambari yake ilikuwa 31.