Gia Nisiyoigusa

Katika Kismayu nzima, kutoka bandarini mpaka uwanja wa ndege, hakuna mtu anayelijua gari kama mimi. Sijisifu, nasema tu kilichopo. Nikalishe mbele ya usukani wowote, nitakufikisha unakokwenda na chai yako haijamwagika. Muulize yeyote.

Ila usimuulize Mama Rawda wa sambusa. Yeye ana maneno yake.

Maneno yake yalitokana na pikipiki. Mimi ni mtoto wa Darakasi, nimezaliwa kisiwani, na kabla sijajua kusoma nilishajua kushika mkono wa mashine ya boti. Boti haina breki. Ukikaribia ufuko unazima mashine mapema, unaiacha ije yenyewe taratibu mpaka iguse mchanga, unaruka, kwisha. Sasa nilipohamia mjini na kununua pikipiki, iliyokuwa imepitia kwa watu watano kabla yangu na wote watano wakajuta, mikono yangu haikupata habari kwamba tumehama. Nikiona ninapokwenda, nazima injini hatua hamsini kabla, nakaa wima, naiacha ije. Kwenye barabara tambarare watu walidhani ni madaha. Siku ya mteremko wa sokoni nilizima kama kawaida, pikipiki haikusimama kama kawaida, nikaingia kwa Mama Rawda bila hodi. Karai la mafuta lilinusurika. Sambusa hazikunusurika.

"Mukhtari," akaniambia, na unga umemjaa kwenye nyusi, "ulitaka ngapi?"

Baadaye nikapata bajaji. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki ya mkono, nami nikaitafutia dawa kwa akili za nyumbani: nanga. Nanga ya kweli, ya makucha manne, na kamba yake. Nikifika mahali naitupa chini, naibana kwenye jiwe, naenda zangu. Askari mmoja wa kizuizini aliitazama ile nanga, akanitazama mimi, akaizunguka bajaji mara mbili.

"Warya, wewe kijana," akasema, "bahari inakuja lini, na sisi tujiandae?"

Kisha likaja gari.

Shangazi Rukia, dada yake baba, yuko Uingereza tangu vita vilipoutawanya ukoo wetu. Magoti ya mama yake, yaani Bibi Safiya, yalipoanza kugoma, alinunua gari dogo jeupe lililotoka Japani, likapitia Dubai, likashushwa hapa bandarini. Lilikuwa la Bibi: la kumpeleka zahanati, harusini na matangani. Likaangukia mikononi mwangu kwa sababu siku lilipoletwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango.

Usukani wake uko kulia, na sisi huku tunapita kulia kwa barabara. Maana yake dereva unakaa ukingoni kabisa, unahesabu mitaro na mbuzi, na ukiwa nyuma ya lori huoni chochote isipokuwa lori. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Basi Bibi Safiya ndiye jicho langu.

"Ngoja," husema kwa lahaja yetu ya kisiwani, ambayo mtu ni mchu, amenyoosha shingo. "Ngoja kwanza... kuna mchu na mkokoteni... ngoja... haya pita! Pita, mwanangu, pita!"

Napita. Bibi hujishika kifua na kushukuru. Jioni barazani huwaambia watu namna nilivyolipita lori.

Lakini kuna gia moja nilikuwa siigusi, ile ya kurudi nyuma. Boti zetu hazirudi nyuma. Ukitaka kurudi unageuza, bahari ni pana. Tena mkono wa mashine ukiuvuta kushoto boti huenda kulia, na mimi nilishapata taabu ya miezi kuizoesha akili yangu kwamba usukani wa gari hausemi uongo. Nilipojaribu kurudi nyuma, mambo yakageuka tena, vioo vikaanza kunionyesha kulia iko kushoto, na banda la kuku likawa chini ya gari. Bibi alitoka, akahesabu waliobaki, akanifunga kwa kauli moja: "Gia hiyo usiiguse tena mpaka nife."

Sikuigusa. Jioni naliingiza gari uani likitanguliza pua, na asubuhi linatolewa kwa mikono. Si jambo la aibu kwetu. Mashua huteremshwa majini hivyohivyo, tezi mbele, yaani nyuma ikitangulia, watu wamebana mabega pande zote mbili, mmoja anatoa sauti na wengine wanaitikia. Majirani zangu wote ni watu wa visiwani. Walipoliona gari linahitaji kutoka kinyumenyume hawakuuliza swali hata moja. Walikunja vikoi. "Hoo!" anaita wa mbele. "Yaa!" wanaitikia. Mimi ndani nimeshika usukani, dirisha wazi, natoa maelekezo.

Mwezi uliopita ikaingia sauti ya Shangazi Rukia kwenye simu. "Mukhtari, nakuja. Nitalipanda hilo gari nikuone. Nikiridhika ufunguo utabaki kwako. Nisiporidhika nampa Bakri."

Bakri ni mtoto wa ami yangu. Anaendesha basi dogo, hasemi sana, na ana tabia moja mbaya: anajua kuendesha. Nilimjibu Shangazi kwa sauti ya dakika nne, yote inahusu ustadi wangu.

Niseme ukweli, ule ufunguo nilikuwa naupenda. Nilikuwa nauzungusha kidoleni hata nikienda kuoga. Tangu niuweke mfukoni, watu wazima msikitini walikuwa wananiita kwa jina, si "wewe, kijana wa sambusa". Na Bibi nilishamzoea pale kushoto. Bakri hamhitaji mtu wa kumwonea. Angemkalisha nyuma kama mzigo.

Siku ya safari nilipanga kila kitu. Asubuhi na mapema majirani walilitoa gari uani wakalielekeza barabarani. Kutoka uwanja wa ndege ningekuja kwa barabara kuu, niingie kichochoro chetu, niwashushe mlangoni, kisha nisonge mbele nitokee upande wa msikiti. Safari nzima mbele kwa mbele.

Shangazi akaja na masanduku mawili na jicho kali. Alikaa nyuma, Bibi akiwa mahali pake kushoto kwangu. Hatukufika mbali, lori la mchanga likatuziba.

"Ngoja," Bibi akasema. "Ngoja... pita!"

Nikapita.

"Mama," Shangazi akauliza, "hapa nani anaendesha?"

"Yeye anaendesha," Bibi akamjibu. "Mimi naona."

Kwenye kioo nilimwona Shangazi ananikata alama.

Tukaingia kichochoroni. Ni njia ya gari moja, kuta za matumbawe huku na huku, na ina kona mbili. Tulikuwa tumeshaipita ya kwanza nilipokutana uso kwa uso na Ami Ishaq, muuza maji, na mkokoteni wake wenye mapipa mawili yaliyojaa, na punda wake anayeitwa Waziri. Mjini kwetu anayebeba maji hampishi mtu. Haijaandikwa popote, lakini jaribu uone.

"Rudi nyuma, mwanangu, tumpishe," Shangazi akasema.

Nikatazama kioo. Hatua sitini hadi barabara kuu, na ile kona katikati.

"Shangazi, unajua, mzee kama Ami Ishaq, nimpe mgongo..."

"Ukirudi nyuma uso wako utabaki kwake."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Halafu injini imeshika moto kidogo."

"Mshale wa moto uko chini kabisa. Nauona kutoka huku."

Bibi alinitazama. Alijua, naye alikuwa na kuku wake moyoni, lakini damu ni damu. "Adhuhuri itatupita," akasema. "Tushuke, Rukia. Nyumbani ni hapo baada ya kona, na leo magoti yangu yamenikubalia."

"Sawa," Shangazi akasema, na tayari ameshafungua mlango. Kisha akainama dirishani kwangu. "Mukhtari, lirudishe gari mpaka barabara kuu, uzunguke, utukute nyumbani. Anayembeba mama yangu lazima ajue kwenda na kurudi. Ukilifikisha bila mkwaruzo, ufunguo ni wako, na Bakri nitamwambia mbele yako."

Ami Ishaq akambana Waziri ukutani, wakapita ubavuni polepole, Bibi amemshika Shangazi mkono, wakapotea kwenye kona ya mbele. Nikabaki mimi, Ami Ishaq na Waziri.

"Haya," akasema Ami Ishaq. "Rudi."

"Ami, Waziri huwezi kumrudisha kidogo tu?"

"Waziri tangu azaliwe hajapata kurudi nyuma."

"Basi tuko wawili."

Alidhani ni mzaha. Nikaitia ile gia. Gari likaanza kupiga kelele, ti, ti, ti, na sauti ya mwanamke ikatoka mbele yangu ikisema Kijapani, kwa upole, jambo ambalo nina hakika lilikuwa "usijaribu". Nikashtuka, nikakata kulia, gari likaenda kulikotaka lenyewe, likasimama kidole kimoja kutoka ukutani. Hiyo breki niliikanyaga kwa miguu miwili.

Ami Ishaq akaja, akatazama kile kidole kimoja, akafungua mlango wangu.

"Toka."

"Ami, unajua kuendesha?"

"Kabla ya vita niliendesha lori la ndizi na tela lake, kutoka Jamame mpaka bandarini. Gatini nilikuwa naingia kinyumenyume mpaka ubavuni mwa meli, na Mtaliano anapiga makofi. Mshike Waziri. Usimshike sikio, hapendi."

Nikamshika Waziri hatamu. Alinitazama kwa namna ambayo hata mwalimu wangu wa hesabu hakuwahi kunitazama. Akatikisa kichwa, akavuta, mapipa yakacheza, nikaogopa maji yatamwagika na habari ifike nyumbani kabla yangu. Nikaanza kumsemesha. Nikamkuna shingo. Nikamwambia yeye ndiye waziri pekee ninayemheshimu. Akatulia, akaniegemezea kichwa kifuani. Huku nyuma Ami Ishaq alikuwa ameweka kiwiko dirishani na mkono mmoja kwenye usukani, na gari likarudi moja kwa moja, likakunja kona, likapotea, kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano. Muda si muda akarudi kwa miguu akipiga mluzi.

"Liko barabara kuu, linakungoja."

"Ami, hili libaki kati yetu. Nakuomba."

"Mimi sina la kusema," akanipa mkono. "Waziri simdhamini."

Nikakimbia barabara kuu, nikazunguka upande wa msikiti, nikalisimamisha mlangoni taratibu kama mtu aliyechoka na sifa. Ndani, wanawake walikuwa wameshaswali, na Bakri alikuwa ameketi mkekani na kikombe cha chai. Shangazi alikuwa amemwita. Nikamkabidhi Shangazi ufunguo kwa mikono miwili.

"Vipi?" akauliza.

Hapo ningeweza kusema "salama" nikanyamaza. Lakini Bakri alikuwepo.

"Salama sana, Shangazi. Hatua sitini kwa pigo moja. Ile kona niliichukua kwa kioo cha kushoto peke yake, mkono mmoja, kiwiko dirishani. Ami Ishaq mwenyewe alisimama akanipigia makofi. Amesema tangu siku za Wataliano hajaona kitu kama kile."

Bakri alitazama chai yake. Bibi alitazama dari.

Shangazi akatoka nje. Alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye bampa, akainama akatazama ubavuni. Hakuna mkwaruzo. Akarudi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege akatabasamu.

"Nilikudhania vibaya," akasema. "Bakri, usinikasirikie. Mukhtari, shika."

Akanyoosha ufunguo. Nami nikanyoosha mkono, polepole, ili Bakri aone vizuri.

"Hodi! Hodi, wenyewe!"

Akaingia Saada, jirani yetu wa nyumba ya ghorofa pale kichochoroni, amebeba sahani ya mikate ya mofa iliyofunikwa kwa kitambaa. Akaiweka chini, akamkumbatia Shangazi, wakalia kidogo, wakacheka kidogo, wakaulizana hali za watu wa Mombasa. Ufunguo wakati wote huo ulikuwa hewani, na vidole vyangu vimeshaugusa.

Kisha Saada akanigeukia, uso umejaa furaha, hana baya lolote.

"Na wewe Mukhtari, mashallah, leo umenifurahisha. Nilikuwa juu naanua nguo, nimekuangalia mwanzo mpaka mwisho. Sijapata kuona mchu akimtuliza punda vile! Mpaka akakulalia kifuani kama mtoto."

Bibi Safiya akaanza kuitafuta tasbihi yake, na tasbihi ilikuwa mkononi mwake. Bakri akaweka kikombe chini.

Nilivuta ufunguo kidogo. Shangazi hakuuachia.

"Keti, Saada, mwanangu, ule nasi," akasema bila kuniondolea macho. "Kwa hiyo huyu alikuwa na punda. Na gari lilikuwa na nani?"