Suti Nane za Mama Punguza

Fundi alikuwa hodari wa kutaja bei. Mteja akiingia na kitambaa chake kwapani, kabla hajakikunjua mezani, fundi amekwisha kumpima kwa macho, amehesabu vifungo na zipu, na anatamka bei kama anayesoma tangazo ukutani. Ukilalamika anakuonyesha mlango, tena kwa tabasamu. Lakini bei ya muziki? Hapo ulimi uliganda. Miaka minne yeye na wenzake watatu walikuwa wakipiga kwenye sherehe za watu, na kila akiulizwa watapewa nini, alitoa lile jibu lake la hasara: "Chochote tu." Na watu, waungwana kwelikweli, waliwapa hicho chochote. Soda, sahani ya chakula, na makofi.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wenye kazi zao. Fundi, mama wa miaka arobaini na kitu, alipiga gitaa la besi. Mwalimu wa hesabu alipiga gitaa la solo huku midomo ikihesabu, moja mbili tatu nne, kama vile nyimbo zingetoroka asipoziita majina. Muuguzi wa zahanati aliimba. Dramu zilipigwa na mdogo wake fundi, mchomeleaji wa mageti na madirisha, ambaye stendi zote za zile dramu alizichomelea mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki kazini. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi jioni, chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, kati ya marobota ya vitambaa na sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa. Muuguzi aliiita ile sanamu shabiki wao mwaminifu, kwa kuwa haijawahi kuondoka kabla ya mwisho.

Alhamisi hiyo mchomeleaji alifika, akasimama mlangoni, asikae kwenye dramu zake.

"Dada," alisema, "sherehe ijayo ndiyo ya mwisho kwangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wifi yako amechoka, na simlaumu. Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Nikija kupiga nafunga karakana, jioni narudi na mfuko wa mabaki. Juzi mtoto kaniuliza, baba, huyo bosi wako wa Jumamosi mbona hakulipi?"

Muuguzi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mpiga dramu si kifungo, kwamba ukipoteza kimoja utapata cha kufanana nacho kwenye kopo. Mdogo wake akitoka, bendi imekufa, na fundi aliipenda bendi ile kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mtu. Zile jioni mbili ndizo saa pekee za wiki nzima ambazo hakuna aliyemwambia pindo limepanda.

"Ukilipwa siku yako?" aliuliza.

"Nikilipwa siku yangu, nitaacha kwa nini? Mimi mwendawazimu?"

Basi, na ndipo fundi alipolazimika kutoa habari aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi. Mama Punguza anafanya sherehe ya miaka thelathini ya ndoa, Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Amekuja kupimwa gauni, na wakati anatoka amesema, "Na ile bendi yenu ije. Nitawapa chochote."

Muuguzi aliguna. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi yule, jina la Punguza hakupewa na wazazi wake, alilipata madukani. Alipopimwa uzito zahanati, muuguzi aliapa, aliomba apunguziwe kilo mbili.

"Safari hii tunataja bei," alisema fundi. "Haya, semeni."

Kusema ni rahisi. Mwalimu alichukua karatasi ya kukatia mitindo akaanza: idadi ya nyimbo, mara dakika, gawanya kwa makosa.

"Ukigawanya kwa makosa," alisema mchomeleaji, "tutadaiwa sisi."

Muuguzi alisema bendi kubwa za mjini huchukua pesa inayotosha kununua pikipiki. Wakacheka, kisha wakaona aibu kwa kucheka, kwa sababu kila mmoja alijiuliza moyoni jambo lile lile: nani alipe kumsikiliza muuguzi, mwalimu, mchomeleaji na fundi cherehani?

Mwishowe fundi alichukua chaki yake bapa. Ni lazima ijulikane kwamba mama huyu alihesabu kila kitu maishani kwa suti, yaani kwa malipo ya kushona suti moja. Kodi ya duka ilikuwa suti tano. Ada ya binti yake suti tisa. Aliyekuwa mume wake, kwa hesabu hiyo hiyo, hakufika kaptura. Akainama kwenye meza ya kukatia, akaandika bei ya bendi kama anavyoandika ya gauni. Kukodi spika na gari la kubeba vyombo, suti mbili. Siku ya kila mmoja, suti moja moja, nne. Jumla sita.

"Bado mkono wa fundi," alisema.

"Ndiyo nini?" aliuliza mwalimu.

"Mshono ungeweza kushonwa na mtu yeyote. Kuna kile mteja anachokulipa kwa sababu umeshona wewe." Alishika chaki, akasita. Hapo ndipo palipouma. Kisha akaandika mbili, haraka, kabla moyo haujabadilika, na nane ikakaa pale mezani ikiwatazama wote wanne.

"Kizuri chajiuza," alisema muuguzi kwa sauti ndogo.

"Na sisi miaka minne tumejitembeza," alijibu fundi. "Kesho naenda."

Kesho yake alimkuta Mama Punguza nyuma ya kaunta, kati ya mifuko ya saruji na ndoo za rangi. Fundi alipiga moyo konde, akaitaja bei, kwa suti kisha kwa pesa.

"Suti nane!" Mama Punguza alishika kifua. "Mimi nimeita bendi, sikuita kiwanda. Tatu."

"Nane, Mama."

"Fundi, tuwe wakweli. Nyie si mnajifurahisha tu? Mtu analipwaje kwa kujifurahisha? Tatu na nusu, na chakula mle mshibe."

Neno lile lilimchoma, maana ndilo alilokuwa akijiambia mwenyewe miaka yote. Ulimi ulikwisha kuielekea nne. Akamwona akilini mdogo wake amesimama mlangoni na mikono mitupu, na badala ya nne, likatoka lile neno alilowaambia wateja wa nguo kila siku iendayo kwa Mungu, limetoka lenyewe kama chafya:

"Nane. Nusu sasa, nusu siku yenyewe. Na kama haitakupendeza, hiyo nusu ya pili baki nayo."

Mama Punguza alifungua droo na kuhesabu pesa ya suti nne hapo hapo. Kasi ile ingetosha kumshtua mtu mwenye akili timamu. Fundi alishtuka akiwa amefika barabarani.

"Umesema nini?" aliuliza muuguzi jioni ile, akakaa juu ya robota.

"Limenitoka. Kwa nguo nasema hivyo kila siku!"

"Nguo unaweza kuipunguza kiuno, dada," alisema mchomeleaji. "Wimbo ukishapigwa umepigwa. Na mama yule gauni moja alilirudisha mara tano. Umempa kisu, ukamwonyesha na shingo."

Mwalimu hakuhitaji hata karatasi. Suti nne walizoshika, toa mbili za spika na gari, zinabaki mbili, gawanya kwa wanne. Nusu suti kila mtu. Nusu ya Jumamosi. Mchomeleaji aliitikia kwa kichwa, polepole, bila hasira, na hilo lilimuumiza fundi kuliko ambavyo angefokewa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Walifanya mazoezi kila jioni kwa wiki mbili, mpaka jirani muuza viatu akaanza kuziimba nyimbo zao akiwa anafunga duka.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa umejaa, saa tisa alasiri, madirisha wazi, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe. Mama Punguza alikaa meza ya mbele na mumewe, mzee mpole aliyezoea kukubali. Gauni lilikuwa limemkaa vizuri, fundi alihakikisha. Mkoba ulikuwa mapajani, umefungwa, na mikono miwili juu yake.

Walianza na wimbo wao mkali kuliko yote, wa mbio, ule ambao hata ile sanamu ingecheza. Hakuna aliyeinuka. Vijana walitikisa vichwa kidogo, kwa adabu. Watu wazima walitazama meza ya mbele wajue kama inaruhusiwa kufurahi, na meza ya mbele ilikuwa imenuna. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Jasho lilimtiririka fundi mgongoni. Mkoba ule haukusogea hata kidole kimoja.

Ndipo alipofanya asichowahi kufanya jukwaani. Aliacha kutazama nyuzi zake, akamtazama mteja.

Mwili wa Mama Punguza aliujua kuliko daktari. Miaka tisa ameupima. Alijua bega la kulia limeshuka, alijua goti la kushoto linauma akipanda ngazi, alijua gauni linapombana hata kabla mwenyewe hajasema, kwa jinsi anavyoinua kidevu. Na sasa kidevu kilikuwa juu. Fundi akashusha macho chini ya meza. Mguu wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, taratibu, pole kwa pole. Mguu ulitaka kucheza! Ila ulikuwa unacheza wimbo wenye nusu ya ile mbio. Huyu hakuchukia muziki. Muziki ulikuwa unambana.

Alirudi nyuma huku akipiga, mpaka kwenye dramu.

"Legeza," alimwambia mdogo wake.

"Katikati ya wimbo?"

"Legeza, nakwambia! Anabanwa!"

Mchomeleaji alimtazama dada yake mara moja. Kisha akalegeza. Si ghafla, alilegeza kama mtu anavyofungua mshono, uzi mmoja mmoja. Mwalimu alipotea njia, midomo ikabaki wazi bila namba, na kwa mara ya kwanza maishani akapiga bila kuhesabu, na akapiga vizuri ajabu. Muuguzi aliyavuta maneno, akaimba kwa ile sauti anayowatulizia wagonjwa usiku, laini, haina haraka. Wimbo ule ule, lakini sasa ulikuwa na nafasi ya kuingia mtu na goti lake.

Kidevu kikashuka.

Mama Punguza aliuweka mkoba juu ya meza. Akamgusa mumewe bega. Mzee alidhani anaagizwa maji, akaanza kuinuka, na akajikuta anashikwa mkono na kuongozwa katikati ya ukumbi. Walicheza. Alicheza kwa mguu wa kulia na kuuacha wa kushoto ufuate, na mzee naye, kumbe anajua, alimzungusha mara moja, taratibu, akamrudisha kifuani. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Viti vikasukumwa, meza mbili zikahamishwa kabisa, na watu wakaingia kati kama waliokuwa wakingoja kufunguliwa geti. Bendi ilitaka kuumaliza wimbo, ikakataliwa. Waliupiga mara tatu mfululizo, kisha wakaendelea na mingine, yote wameilegeza, na fundi alikuwa akicheka peke yake huku machozi yakimtoka, wala hakujali nani anamwona.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Punguza alikuja jukwaani, anahema, mkoba mkononi.

"Ule mwanzo," alisema, "ulikuwa wa mbio mno."

Wanne wote waliacha kukunja waya.

"Ningekuwa na haki ya kukata kidogo." Alitazama nyuma, mumewe alikuwa bado anacheza bila muziki, sasa na wajukuu. "Huyu bwana hajanizungusha tangu tumpate mtoto wa pili. Nilidhani amesahau. Shika pesa yako, Fundi." Akahesabu suti nne kamili, akazihesabu mara ya pili mwenyewe, na kwa uchungu wa mazoea akaziachia.

Nyuma yake alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye stoo ya matairi, anajifuta jasho kwa kitambaa cha meza.

"Jamani, mwezi ujao nafungua tawi jipya. Nyie mnachukua kiasi gani?"

Fundi alifumbua mdomo. Muuguzi, aliyemjua vizuri rafiki yake, alimkanyaga mguu. Na kabla hajatamka kitu, sauti ikatoka nyuma, kwenye dramu.

"Suti kumi," alisema mchomeleaji. Akaieleza kwa pesa, taratibu, na hakuongeza "lakini" wala "tunaweza kuzungumza."

"Si mbaya," alisema yule bwana.

Mchomeleaji alikuwa ametoa kidaftari chake cha karakana, kile chenye vipimo vya mageti ya watu, anatafuta ukurasa. "Tarehe ngapi hiyo?" aliuliza. "Niandike mapema, nisije nikapokea geti siku hiyo."

Fundi aligeuka ukutani akashika spika kwa mikono miwili, kana kwamba anaipima uzito. Kisha akaiacha, akamwendea mdogo wake. Basi akamkumbatia hivyo hivyo, na jasho lake lote, mbele ya wageni.