Chai ya Saa Moja

Kiwandani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alishona sare za shule kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi, chumba chenye cherehani nyingi na feni moja iliyozunguka ilipojisikia. Siku aliyojishona kidole hakupiga hata kelele. Aliona tu kitambaa cha kijivu kinageuka cheupe, chumba kinayumba, kisha akasikia joto kwenye kucha. Mkata nguo aliruka kutoka kwenye meza yake akamdaka kabla hajafika sakafuni.

"Sindano amechomwa na ndugu yake," alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Walimpeleka zahanati. Daktari, dada mmoja mwenye miwani mikubwa, alimfunga kidole, kisha akamvuta ngozi ya chini ya jicho na kutazama kwa ndani.

"Damu yako bado iko chini. Vile vidonge nilivyokupa safari ile unameza?"

"Kila asubuhi, sikosi."

"Unamezea nini?"

"Chai."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba chai inazuia mwili usichukue madini ya chuma, yale ya kwenye vidonge na yale ya kwenye maharage na mboga. Hakuna aliyemkataza chai. Anywe, lakini aiweke mbali na chakula, angalau saa moja baada ya kula, na vidonge amezee maji, au juisi ya machungwa akiipata.

Sindano alimkodolea macho. "Yaani muda wote ule nilikuwa nameza bure?"

"Si bure kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama unamezea chai, dada yangu."

Alirudi nyumbani amefura. Miezi ya kupanda ngazi akihema kama mzee, miezi ya kulala na kuamka amechoka zaidi ya alivyolala, na kumbe dawa ilikuwa inapigwa vita na kikombe!

Aliona jambo lenyewe ni jepesi. Kuhamisha chai, basi. Lakini kiwandani mapumziko ya saa nne yalikuwa mafupi mno. Birika lilipanda ngazi, mkate ukakatwa, na kabla hujamaliza kutafuna msimamizi alikuwa ameshapiga makofi. Ukila mkate, huwezi kunywa chai. Ukinywa chai, njaa unayo mpaka mchana. Siku ya kwanza alichagua mkate, akafunika kikombe chake kwa sahani na kukiweka dirishani akinywe baadaye. Alipokwenda kukichukua, alikikuta kitupu.

"Nani amekunywa chai yangu?"

Mkata nguo alifuta midomo. "Nilidhani umesusa."

"Mtu anayesusa anafunika?"

"Sasa shemeji, chai ikipoa si inakuwa maji ya kuoshea mikono? Nimekuokoa."

Kufika mchana kichwa kilikuwa kinamgonga kana kwamba kuna mtu ndani anataka kutoka. Alipachika mfuko wa shati upande wa kulia badala ya kushoto, akafumua, akaupachika tena kulekule kulia. Mwenzake wa cherehani ya jirani alimsogelea, akamnong'oneza kwa furaha, "Hunywi chai, unaumwa kichwa, una hasira. Shoga, mimba hiyo, usinifiche." Jioni hiyo kiwanda kizima kilikuwa kinampa pongezi.

Na hayo yalikuwa afadhali. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mkorofi. Aliishi nao tangu alipofiwa, na kazi moja aliyokataa kumwachia mtu yeyote ilikuwa chai. Aliichemsha mpaka ikawa na rangi ya matofali, akatia maziwa, akaichemsha tena, na kuimimina kutoka juu bila kumwaga hata tone. Chai hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake na pole yake. Kumwambia "sinywi sasa hivi" kulikuwa sawa na kumfungia mlango.

Kwa hiyo Sindano hakumwambia. Alimtuma mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache kuliko spana zake.

"Umemweleza mama?" alimuuliza usiku.

"Nimemweleza."

"Ulimwambiaje?"

"Kama ulivyosema. Daktari anataka unywe chai saa moja baada ya kula."

Kesho yake jioni, Sindano alikuta chakula mezani mapema kuliko kawaida. Alikuwa bado anavua viatu. Mama mkwe alimharakisha, "Njoo ule, mwanangu, muda unakwenda." Alikula, akashangaa haraka hiyo inatoka wapi. Hajamaliza nusu ya sahani, mama mkwe alitazama saa ya ukutani, akainuka, akarudi na kikombe kinachofuka moshi.

"Saa moja kamili," alisema kwa fahari. "Kama alivyosema daktari. Asubuhi pia nitakuamsha, uwe umekula mpaka ifike saa moja."

Sindano alimgeukia mumewe. Mumewe aliinamia wali kana kwamba kuna bomba limepasuka humo.

"Mama," alianza taratibu, "si saa moja ya kwenye saa. Ni muda wa saa nzima. Nikishakula, napumzika saa nzima, ndiyo ninywe."

"Sasa chai gani hiyo ya kunywa tumbo limeshalala?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi nimekula na chai tangu sijaota meno. Huyu mumeo nimemzaa kwa damu gani? Kunywa kidogo, mwanangu, kidogo hakidhuru."

"Kunywa kidogo basi," mumewe akadakia, "yaishe."

Hilo "yaishe" ndilo lililompasua. Alisukuma kikombe, chai ikaruka ikamwagika mezani mpaka kwenye nguo ya mama mkwe.

"Hayaishi! Nimechoka! Kazini chai, nyumbani chai, nimejishona kidole kwa sababu ya chai, na hakuna hata mmoja anayenisikia! Mnataka nianguke mara ngapi?"

Mama mkwe alichukua kitambaa, akafuta meza, akafuta na nguo yake. Asubuhi jiko lilikuwa baridi. Mume aliondoka na maji ya bomba tumboni, amenuna, na Sindano alipanda ngazi za kiwandani akiwa na hasira na aibu, hajui ipi aishughulikie kwanza. Alimwomba mama mkwe radhi jioni ya siku hiyo. Akajibiwa, "Yamekwisha," kwa sauti iliyoonyesha kwamba bado.

Siku ya kurudi zahanati alimkuta mama mkwe mlangoni, amevaa nguo zake za kutokea.

"Twende nikamsikie huyo daktari mwenyewe. Wewe na mumeo hamjui kueleza."

Damu ilikuwa imepanda kidogo, kidogo cha kukatisha tamaa. Daktari alisema ni mwendo mzuri, avumilie. Kisha alirudia maelezo yote kwa mama mkwe, ambaye alisikiliza amekunja mikono, akamhoji kuhusu maziwa, kahawa, hata mchaichai. Mwishowe akauliza polepole, "Kwa hiyo nilikuwa namnyima damu mimi?"

"Hapana, mama. Hukuambiwa."

Karibu na nyumbani, mama mkwe alimshika mkono kumvusha barabara, ingawa hakukuwa na gari.

Tangu siku hiyo jiko likawaka tena, na Sindano akapata msimamizi wa pili. Akila, mama mkwe hutazama saa ya ukutani. Akigusa birika, huulizwa.

Jana alirudi amechoka, kichwa kizito, mapindo ya sketi bado yanampita machoni. Harufu ya chai ilimpokea mlangoni. Alijimiminia kikombe, akakaa, akakiinua.

"Kazini umekula nini?" sauti ikatoka jikoni.

"Ndizi tu, mama."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, njiani. Ndizi moja! Ndizi nayo ni chakula?"

Mama mkwe alikuja, akakitoa kikombe mkononi mwake kwa upole, akakinywa chote amesimama.

"Nitakuchemshia nyingine," alisema. "Tulia hapo."

Sindano alivua viatu, akaegemea ukuta, akaanza kusubiri.