Mlango Usiolia

Calvin alipotaja kwamba kazi ya wiki ile ni ya nyumba moja mtaa wa Kizwite, ya mtu anayeitwa Leonidas, Herieth aliendelea kuzungusha waya kwenye rola bila kuinua kichwa. Nyumba hiyo aliijua. Alizaliwa humo.

"Ukitaka nitakwenda mwenyewe," Calvin alisema. Ndiye aliyekuwa na ofisi, chumba kimoja karibu na stendi, na Herieth ndiye fundi wake pekee wa kudumu.

"Nitakwenda. Kazi ni kazi."

Leonidas alikuwa kaka yake kwa baba. Mama mzazi wa Leonidas alifariki mtoto angali ananyonya, na mzee Eustace akamwoa Agnesi, ambaye alimlea yule mtoto kisha akamzaa Herieth. Mzee alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwake na kuamua kwamba nyumba kubwa ni ya mtoto wa kiume, na Agnesi akae kwenye vyumba viwili vya uani mpaka Mungu atakapomwita. Agnesi hakubisha. Jioni ileile alihamisha sanduku lake na sanamu ya Bikira Maria, na Leonidas mwenyewe akambebea godoro. Kabla mwezi haujaisha akaukata waya uliopeleka umeme uani, akasema luku inakwisha ovyo.

Kitu kimoja tu cha Agnesi kilibaki nyumba kubwa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, anajichoma sindano, na dawa yake ilikaa kwenye friji la jikoni kama ilivyokaa enzi za mume wake. Ufunguo wa mlango wa jikoni alikuwa nao, kwenye kamba, shingoni pamoja na rozari.

Asubuhi Herieth alipofika na ngazi na boksi la vifaa, kaka yake alimpokea vizuri. Fortunata, mke wake, alimletea chai ya maziwa na vitumbua. Leonidas alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, na tangu jirani yake avunjiwe duka alikuwa halali usingizi. Alimzungusha nyumba nzima akionyesha kwa kidole.

"Mlango wa mbele. Sebuleni hapa, koridoni pale. Na mlango wa jikoni. Nataka hata panya akipita nijue."

"Na mama?" Herieth aliuliza.

"Mama mdogo amefanyaje?"

"Dawa yake iko kwenye friji. Mkitoka mkawasha alamu, ataichukuaje?"

"Achukue kabla hatujatoka."

"Mkienda kijijini Msanzi mnakaa siku kadhaa, kaka. Dawa ile inataka ubaridi."

Leonidas alicheka. "Sumbawanga na baridi yote hii? Aiweke dirishani."

"Mpe namba yake. Mashine hii inakubali namba za watu wengi. Ya mama naweza kuiweka ifungue jikoni tu, huku kwingine kubaki kumefungwa."

Kaka yake aliacha kucheka. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wakubwa.

"Namba ni za wenye nyumba, Herieth."

Herieth alikunywa chai yake, akapanda darini.

Huko juu alikujua. Alijua ubao upi unabonyea na wapi baba yake alihifadhi mabati yaliyobaki. Akapitisha waya kutoka kila mlango na kila pembe hadi kwenye kabati la chumba cha kulala, chumba kilichokuwa cha wazazi wake, ambako alifunga boksi la mashine. Kwenye milango aliweka sumaku. Sebuleni na koridoni alifunga sensa za kumnasa mtu anayetembea. King'ora alikifunga nje, juu kabisa chini ya bati, mahali ambapo mtu bila ngazi hakifikii. Kazi yake ilikuwa safi, waya zote zimenyooka ndani ya plastiki nyeupe ukutani. Fortunata alipita akasema, "Wifi, una mkono."

Ilipofika saa ya kujaribu, Leonidas alisimama kwenye kibao cha namba naye Herieth akafungua mlango mmoja baada ya mwingine. Wa mbele ukalia. Koridoni kukalia. Wa jikoni nao ukalia, kelele ikatoka hadi barabarani, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Uani, Agnesi alitoka mbio na upawa mkononi. Aliona ni bintiye, akarudi ndani.

"Sasa nibadilishe namba," Leonidas alisema. "Geuka huko."

Ni jambo la kawaida. Herieth mwenyewe huwaambia wateja wafanye hivyo, fundi asiijue namba ya mwenye nyumba. Lakini alipogeukia ukuta ule, mahali ambapo zamani palining'inia picha ya harusi ya wazazi wake na sasa palikuwa na kalenda ya kampuni ya mbegu, alisikia vidole vya kaka yake vikibonyeza nyuma yake, tii, tii, tii, tii.

"Tayari," Leonidas alisema.

"Nikafunge boksi, nimemaliza."

Aliingia chumbani peke yake. Akauchomoa waya wa mlango wa jikoni kwenye mashine, akauziba kwa tepu, na mahali pake akakaza rizista ndogo, kitu cha ukubwa wa punje ya ulezi chenye miguu miwili. Kuanzia hapo mashine ingeamini kwamba mlango wa jikoni umefungwa saa zote, hata ukiwa wazi. Alijiambia kwamba hakuna hatari. Mwizi akiingia jikoni atataka kwenda ndani, na sensa ya koridoni itamnasa. Akafunga boksi, akakusanya vifaa, akaaga.

Kabla ya kuondoka alipita uani. Agnesi alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza kutufungia?"

Herieth alichuchumaa, akashusha sauti, akaanza kwa Kifipa ili hata Fortunata aliyekua Mbeya asielewe. Alimwambia kwamba mlango wa jikoni haulii. Aingie achukue dawa yake muda wowote, ila asivuke kwenda koridoni.

Agnesi aliacha kuchambua.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Rudi ukarekebishe."

"Mama, nilimwomba. Amekataa."

"Umemwomba wewe. Mimi sijamwomba." Akauinua ungo. "Rudi, mwanangu."

Herieth hakurudi. Aliona ni woga wa mama, woga uleule uliomfanya ahame bila neno siku ya kikao. Akapakia ngazi kwenye bajaji na kwenda zake.

Mambo yalikaa kimya kwa muda. Leonidas na Fortunata walisafiri mara moja, wakarudi, na Agnesi alikuwa amechukua dawa zake bila shida. Herieth alipopiga simu kuuliza hali, mama yake alijibu "nzuri" na kuuliza habari za kazi. Mlango haukutajwa.

Kisha ikaja Jumapili ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa ndugu yao huko Msanzi. Leonidas aliwasha alamu, akafunga geti, wakaondoka na gari zima la watu. Agnesi alichukua dawa yake, akafunga mlango wa jikoni, akaenda misa. Alipokaribishwa chakula na mama mmoja wa jumuiya yake hakukataa, akarudi mchana. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, komeo limeng'olewa kwa nondo.

Humo jikoni, pembeni, kulikuwa na stoo ndogo ambayo zamani ilihifadhi kuni na masufuria. Herieth hakuikagua. Hakujua kwamba Leonidas ameifanya ghala: mota mpya ya mashine ya kusaga, pampu ya maji, na katoni za dawa za shambani. Vyote vilikuwa vimeondoka. Aliyevichukua hakuwa na haja ya kukanyaga koridoni.

Agnesi ndiye aliyempigia Leonidas simu.

Jumatatu, Calvin na Herieth waliitwa. Leonidas alikuwa amesimama jikoni na wazee wawili wa ukoo, pamoja na askari aliyekuja kuandika maelezo. Agnesi alikaa kwenye kigoda karibu na friji, mikono mapajani.

"Nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu mlango huu ukilia," Leonidas alisema. "Sasa nielezeni. Umevunjwa mchana kweupe, na jirani hapo ukutani anasema hakusikia kitu."

"Tuangalie mashine," Calvin alisema.

Wote walimfuata chumbani, isipokuwa Agnesi. Herieth alibaki nyuma yake, akiiona bisibisi ikizunguka kwenye skrubu ambazo alizikaza yeye. Kifuniko kikatoka. Calvin aliinama, akawasha tochi ya simu, akamulika ndani. Herieth alimwona akigusa ule waya uliozibwa tepu, halafu ile rizista. Kisha akageuka akamtazama, na katika macho yake hapakuwa na hasira bado. Alikuwa anamsubiri aseme kwamba kuna maelezo.

"Kuna nini?" Leonidas aliuliza.

"Waya umechomoka," Calvin alisema polepole. "Inatokea. Hitilafu ya ufungaji. Ofisi yangu itabeba lawama."

Herieth angenyamaza, pengine ingeishia hapo. Lakini mmoja wa wazee, Wilibrodi, ndugu wa marehemu, alisema, "Umechomoka, au umechomolewa na mtu anayekaa humu uani na ana ufunguo?" Na askari akageuza uso kuelekea jikoni, kwa Agnesi.

"Ni mimi," Herieth alisema. "Nimeuchomoa siku ileile niliyofunga. Kwa ajili ya dawa yake. Mama hana kosa."

Leonidas ndiye aliyesema kwanza, na hakupaza sauti.

"Mama yako alijua?"

Herieth alifungua mdomo aseme hapana. Kabla hajasema, sauti ya Agnesi ilitoka mlangoni. Alikuwa amesimama pale, hakuna aliyemsikia akija.

"Nilijua."

"Na uliingia?"

"Niliingia kuchukua dawa."

Leonidas aliwageukia wazee. "Mmesikia wenyewe," alisema. Herieth alimwona usoni akitulia, kama mtu aliyesumbuka na mzigo muda mrefu na sasa amepata pa kuutua.

Mama na binti walipelekwa kituoni kutoa maelezo, wakarudishwa jioni. Ilipofika wiki iliyofuata kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa tena, na safari hii hakikuwa na mjadala. Mtu anayejua mlango wa nyumba uko wazi na asiseme hawezi kuendelea kuishi humo. Agnesi alipewa muda wa kufunga vitu vyake. Hakuna aliyembebea godoro. Kaka wa Agnesi, Kasimiri, alitoka kijijini Mwazye kuja kumchukua kwa gari la mahindi.

Calvin alimwita Herieth ofisini. "Ungeniambia," alisema. "Ningekupa nafasi hata kwenye friji langu la nyumbani." Pengine alisema kweli. Lakini mji ni mdogo, na hakuna mteja ambaye angemruhusu tena fundi huyo kufungua boksi nyumbani kwake. Herieth aliacha funguo za ofisi mezani.

Siku zilipita. Mota ilikuja kuonekana kwenye mashine ya kusaga huko Mpui, na aliyeiuza alitajwa. Alikuwa Meshack, mdogo wake Fortunata, aliyekula na kulala nyumba ile mara nyingi na kujua kilichomo stoo. Yakafanyika mazungumzo ya siri ya kifamilia, mota ikarudishwa, mambo yakamalizwa ndani kwa ndani. Meshack alikwenda kukaa Mbeya. Leonidas alifunga alamu nyingine, kwa fundi mwingine.

Herieth alisubiri kikao cha tatu. Hakikuitwa. Akampigia mzee Wilibrodi.

"Mwizi ameshajulikana, baba mkubwa. Mama arudi?"

"Mwizi ni suala moja," mzee alijibu. "Lile la mama yako ni suala jingine."

Sasa Herieth hufunga taa na soketi kwenye nyumba za watu wanaojenga, kazi ikipatikana. Dawa za mama huzichukua hospitali mjini, huzifunga kwenye chupa ya chai yenye barafu na kupanda basi la Mwazye. Mara ya mwisho alimkuta Agnesi shambani kwa Kasimiri akivuna ulezi, amejifunga kitenge kichwani kujikinga na upepo. Amekonda. Alipokea chupa kwa mikono miwili, akasema asante kama anavyomwambia mgeni.

Walikaa ukingoni mwa shamba. Herieth alisema alichokuja nacho tangu mwanzo.

"Mama, nisamehe. Nilitaka upate dawa."

"Najua."

"Basi kwa nini huongei na mimi?"

Agnesi alipukuta makapi mikononi.

"Nilikuwa nimejiandaa kumwomba kaka yako," alisema. "Mbele ya padre na jumuiya nzima, siku ya kumbukumbu ya baba yako. Nimlee mimi, nimwombe umeme wa uani na njia ya kuifikia dawa yangu, halafu akatae watu wakisikia. Nilitaka akatae. Wazee wangeona aibu wenyewe. Nilisubiri siku hiyo mwaka mzima, Herieth, nikinyamaza ili siku ikifika niwe na mdomo safi."

Herieth aliokota suke la ulezi lililoanguka, akaliweka kwenye kapu la mama yake.

"Sasa wanasema nilikuwa naingia kwa kuiba," mama yake alisema. "Na niliingia kweli. Dawa ilikuwa mle, mlango haulii, ningefanyaje?"

Akanyanyuka, akashika kisu chake cha kuvunia, akarudi kwenye ulezi. Herieth alimfuata, akajaribu kumpokea kapu. Agnesi alilihamishia mkono wa pili na kuendelea kukata.