Shika Bomba Kwanza

Jumamosi saa saba mchana kiwanda kidogo cha mablanketi nyuma ya reli ya Nakuru kilifunga, na wanawake wa kuchana sufi wakatoka wakijifunga vitambaa upya. Ilikuwa Januari ya mwaka wa sabini na tano, jua lile la kukausha hata mate. Majira hayo sufi ikichanwa tangu asubuhi hutoa cheche, na cheche huingia kwa mchanaji zikakaa. Hakuna aliyeshangaa. Anayeuza samaki hurudi nyumbani na harufu ya samaki. Hawa walirudi na stima.

Kila mmoja aliitumia kwa njia yake. Wangare alishika sufuria kwa mikono miwili mpaka chai ichemke, akaokoa makaa. Chemutai alikuwa na balbu. Nyumba yao kule Bondeni haikuwa na waya wowote, lakini jioni alikaa kwa stuli mbele ya mama yake, akashika balbu kitakoni kwa vidole viwili, nayo ikawaka.

Mama yake aliletwa kutoka Elburgon macho yalipoanza kumwacha. Kwa koroboi hakuona kitu, ila moshi. Kwa mwanga wa mkono wa binti yake aliona vizuri kabisa. Alitunga shanga za kuvalisha kibuyu cha maziwa, na akimaliza mstari anainua kichwa.

"Umekonda, Chemutai."

"Sijakonda, mama. Ni kivuli."

"Basi kesho geuka huku, nikuangalie tena."

Asubuhi Chemutai alitoka kabla ya mwangaza. Kwa hivyo wakati wa balbu ndio ulikuwa wao wa kuonana. Aliitunza stima yake kama mtu anavyobeba maziwa yaliyojaa. Njiani hakushika mlango wa chuma wala mkono wa mtu.

Sasa, njia ya kutoka kiwandani ilipita mbele ya nyumba ya michezo ya Dilip. Dilip alikuwa ameleta mashine mpya kutoka Mombasa, zile za kumeza shilingi na kuzungusha picha za matunda. Picha zikilingana, mashine inatapika pesa. Za zamani zilivutwa kwa mkono wa chuma. Hizi zilikuwa na stima tumboni, na Dilip alisema zina akili.

Wangare aliingia kutazama tu. Akapitisha kidole kwa mdomo wa kuwekea shilingi, bila shilingi. Ikalia *tik*. Mashine ikaamini imelishwa, ikazunguka, matunda yakalingana, ikatapika.

"Imenipenda," Wangare akasema, akitandaza leso chini.

Jumamosi iliyofuata wachanaji walipanga laini hadi barabarani. Chemutai peke yake alipita upande wa pili, mikono ndani ya sweta. Dilip akafunga mlango, akamwita fundi Joginder wa redio.

Joginder alifungua mashine akachungulia na tochi.

"Mashine ni nzima," akasema. "Wateja wako ndio wamejaa. Mama anagusa, cheche inaingia, mashine inafikiri ni shilingi."

"Si huo ni wizi?"

"Yeye amegusa tu. Mashine ndiyo haijui kukataa." Akaendelea kuchungulia. "Na hii skrubu nyekundu?"

Dilip akaangalia dirishani. "Imekuja nayo."

"Naona kazi yake ni kuzuia matunda yasilingane. Cheche inairuka."

"Hiyo wacha hapo hapo."

"Siigusi. Nimeuliza tu."

Joginder akazungushia midomo ya mashine mpira. Kisha mlangoni akasimamisha bomba la shaba, akalifunga waya mnene unaozama ardhini, na Dilip akaandika kwa rangi ukutani: WATU WA BLANKETI SHIKA BOMBA KWANZA.

Wangare alisomewa maneno hayo akayafikiria.

"Bwana Dilip, na hiyo mashine yako nayo? Inashika bomba gani?"

Watu wakacheka, na Dilip akacheka nao. Halafu Wangare akashika bomba. Likalia, na nywele zake zilizokuwa zimesimama zikalala. Akaweka shilingi, ikamezwa. Mchana kutwa mashine zilimeza.

Ili kujua kama waya unafanya kazi, Joginder alikuwa ameufungia balbu kabla haujaingia ardhini. Balbu iliwaka vizuri. Dilip akaongeza nyingine, kisha friji ya soda. Meneja wa kiwanda, Bwana Thuo, alikuja kunywa soda, akaipata baridi sana.

"Hii stima unanunua wapi?"

"Ni ya watu wako."

Thuo alikunywa polepole mpaka chupa ikaisha.

"Sufi ni ya kampuni," akasema. "Kinachotoka kwa sufi ni cha kampuni."

Dilip hakubishana. Alichotaka yeye ni mashine zake zikae salama, na bomba likiwa kule kule kiwandani zitakuwa salama zaidi. Basi bomba likang'olewa, likasimamishwa kwa geti la kiwanda, na waya ukapandishwa kwa miti mpaka Milimani, nyumbani kwa meneja.

Siku ya kwanza Chemutai alisimama kando, akaacha wengine wote wapite.

"Bwana meneja, mimi hiyo mashine sijawahi kuigusa. Hata ndani sijaingia."

"Najua, Chemutai. Unasifiwa sana."

"Stima yangu ni ya mama. Macho yake hayaoni kwa kingine."

Thuo alikuwa mtu mpole. Alivua kofia akapangusa paji la uso. "Pole kwa mama. Lakini nikiruhusu mmoja, mashine za watu zitaibiwa. Shika tu kidogo."

Bomba halikujua kidogo. Likalia, na vidole vyake vikawa vidole.

Jioni alikaa kwa stuli vile vile, akashika balbu vile vile. Mama yake alingoja na uzi mkononi. Baadaye akaweka shanga chini, akanyoosha mikono, akaupapasa uso wa binti yake, paji, mashavu, kidevu.

"Kweli umekonda," akasema.

Mlango ulikuwa wazi. Juu kabisa Milimani nyumba moja iliwaka madirisha yote, hata bustani, mwanga ule ule mweupe, na mama akageuza kichwa akaukazia macho.

"Ule nauona," akasema. "Ni nani huyo anawaka hivyo?"

"Ni sisi, mama."

Mama akavuta kiti mpaka mlangoni, akachukua kibuyu chake, akakielekeza kule. Mwanga ulikuwa mbali sana kwa shanga. Chemutai akaiweka balbu kwa kikombe, akaanza kutafuta kiberiti cha koroboi.